Nilimsomea jina mstarini, sasa binti hataki kula. Nimwambie Sista?

MadamKiswahili:
Salaam wanajukwaa. Nafundisha sekondari ya masista, wasichana watupu, bweni, huku Nyanda za Juu Kusini. Tangu Januari nimekabidhiwa ushauri nasaha. Semina sikupewa. Nilipewa ufunguo wa stoo ya zamani ya vitabu, viti viwili na picha ya Bikira Maria. Mlango unatazamana na ofisi ya Sista, mkuu wa shule, kwa hiyo binti akitoka na macho mekundu, bweni zima linajua kabla ya kengele ya prepo.

Mimi pia ni mwalimu wa darasa, kidato cha pili. Kila mwanzo wa mwezi nasoma mstarini majina ya wanaodaiwa ada. Orodha anaandaa mhasibu, mimi nasoma tu. (Hiyo "tu" ndiyo inayoninyima usingizi.)

Majuzi nikiwa zamu bwaloni nikamwona binti mmoja anahamishia ugali wake wote kwenye sahani ya jirani, anabaki na maji. Kesho yake hivyohivyo. Nikamngoja bombani. Akasugua weee, sahani ambayo haikuwa na kitu, ndipo akasema: "Madam, kile chakula si changu. Kwetu hawajalipa." Halafu: "Usimwambie Sista." Nikamwahidi.

Jina lake nililisoma mimi. Tena nilikosea kulitamka, wenzake wakacheka.

Sasa sketi anaibana kwa pini. Nikisema, nimemgeuka. Nisiposema, na akianguka Misa ya asubuhi? Na hivi mtu anawezaje kusoma majina Jumatatu, Jumanne akae kwenye kiti cha kusikiliza?

MatroniMstaafu:
Mwanangu, nimelala bwenini miaka 22. Kosa lako ni kuahidi. Mrudie wewe mwenyewe, mwambie nilikosea kukuahidi, naenda kumweleza mtu mmoja, na tutaingia pamoja. Usiende kwa mlango wa nyuma, akija kusikia hatakufungulia mdomo tena.

Zahanati wampime uzito, leo. Na mezani kaa naye, ule naye, usimsimamie kama askari magereza.

Jingine, kwa sababu yatakuja: siku akija mtoto anasema anapigwa au anashikwashikwa na mtu mzima, hakuna kungoja kikao. Ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Hata kama huyo mtu anakaa meza moja na ninyi.

Mdau77:
Ada zisipodaiwa, mishahara yenu itatoka wapi? Mahindi hayaoti jikoni.

MadamKiswahili:
Zidaiwe, mkuu. Mzazi ana simu. Mtoto wa miaka 15 unamdai nini, daftari?

FalsafaMwakaWaPili:
Nilifika seminari kuu, nikatoka kwa amani. Kule Gombera, yaani mkuu wa seminari, alishika nidhamu, mlezi wa kiroho alitusikiliza. Kikikaa kikao cha kujadili nani aondolewe, mlezi wa kiroho haulizwi. Nilidhani ni busara ya mapadre wetu, kumbe imo kwenye Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 240: kwenye uamuzi wa kumwondoa mseminari, maoni ya mlezi wa kiroho na waungamishi hayaombwi kamwe. Imeandikwa kwa ajili ya seminari, ninyi haiwabani, lakini mpelekee Sista, lugha hiyo anaielewa. Mwombe jambo moja tu: orodha isomwe na mwingine, au isisomwe kabisa.

Na usijibebeshe mzigo wa padre. Siri ya kitubio haivunjwi kwa lolote, lakini wewe si padre, na binti hakuungama. Alikuwa anaosha sahani.

MadamKiswahili:
Shikamoo mama Matroni, ahsanteni nyote. Mrejesho.

Nilimfuata Alhamisi. Alinyamaza kitambo, kisha: "Sista sawa. Mhasibu hapana." Tukaingia wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Sista akamuuliza kwanza kama anapenda maharage au dagaa. Mama yake akapigiwa simu palepale: alikuwa anauguza bibi, hela imeishia hospitali, atalipa kidogokidogo viazi vikitoka shamba.

Kanuni ya 240 niliipeleka. Sista akacheka, akasema nani kanifundisha. Kusoma majina mstarini hakujafutwa, suala limepelekwa kikao cha walimu, na najua nani atapinga. Ila orodha ya kidato cha pili nimeirudisha kwa mhasibu, awapigie wazazi mwenyewe. Ananuna.

Chumba bado kinatazamana na ofisi. Nimehamia bustani ya kabichi nyuma ya kanisa. Anayenitafuta anakuja na jembe, anayepita anaona watu wanapalilia.

Binti jana alikula nusu sahani. Dagaa aliwaacha.