Naomba ushauri: napiga picha za nebula (mawingu ya gesi angani) kutoka uani Bombo, nyota zinatoka mistari

MkaziWaBombo
Wakubwa, shikamooni. Niko Bombo, kaskazini mwa Kampala. Nyuma ya nyumba nimejenga kibanda cha darubini: kuta za tofali, paa la mabati linaloteleza kwa magurudumu ya geti. Usiku wa kwanza nilipolisukuma paa nikaliona kundi la nyota la Orion utosini kabisa, machozi yalinitoka.

Shida ni picha. Nikiipiga Nebula ya Orion zaidi ya sekunde 20, kila nyota inakuwa kijimstari. Kulenga mhimili wa stendi, ule unaozunguka kufuata nyota, kwa Nyota ya Kaskazini siwezi. Hapa tuko digrii 0.6 tu kutoka ikweta, kwa hiyo imelala kwenye upeo, nyuma ya mwembe wa jirani. Tena mhimili wa stendi yangu haushuki chini ya digrii 15. Nifanyeje? Na Nebula ya Carina, nitaipata?

FundiGulu
Marahaba. Usijaribu kuinamisha ile miguu mitatu, darubini itaanguka. Mwaga nguzo ya zege, nyembamba ili vyuma vya mizani vya darubini visiigonge. Kisha mwone fundi wa kuchomelea akutengenezee kabari ya chuma ya digrii 15, upande mnene ukae kusini. Hapo stendi ikisoma 15 na nusu hivi, mhimili uko karibu kabisa na digrii zako 0.6.

BintiKilimia
Na Nyota ya Kaskazini huihitaji, kaka. Tumia Mintaka, ile inayochomoza kwanza katika nyota tatu za mkanda wa Orion, ambayo hupita karibu juu kabisa ya ikweta. Ikiwa bado chini mashariki, iweke katikati ya kioo, acha mota ifuate, utazame dakika tano. Ikiteleza kusini, mhimili umeinama mno, uinue. Ikipanda kaskazini, ushushe. Ikifika utosini rudia: ikienda kusini, mhimili umekaa mashariki mno, uzungushe kidogo kuelekea magharibi. Mimi huku Mbarara ilinichukua siku tatu, sasa nafika dakika mbili na nyota zimebaki nukta.

MwanaEntebbe
Carina utaipata, ila haipandi zaidi ya digrii 30 hivi, na iko kusini, ndani ya mwanga wa Kampala. Jioni inakaa vizuri Aprili, lakini hiyo ni masika. Jaribu Februari kuanzia saa saba usiku. Nunua filta inayopitisha mwanga wa nanomita 656 na 501 tu, rangi za haidrojeni na oksijeni. Taa nyingi za mji zitabaki nje. Na mkanda wa kupasha lenzi joto usisahau, umande unaua picha.

FundiGulu
Filta isubiri, ndugu yangu. Kwanza arundike picha. Picha 100 za sekunde 30 zikiunganishwa, chengachenga zinapungua mara 10, na hizo ni dakika 50 tu za usiku mmoja. Apige RAW, yaani faili ghafi la kamera.

BintiKilimia
Hapo nakubaliana na Fundi. Ila kamera ya kawaida ina kioo ndani kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, kwa hiyo asikate tamaa Carina ikitoka hafifu.

MkaziWaBombo
Mungu awabariki. Jumamosi naenda kwa mchomeleaji na kipimo cha kabari. Kuhusu nguzo: niichimbie kina gani ili isitikisike malori yakipita barabara ya Gulu?