Probayotiki za "bilioni 20": cheti cha maabara kinatosha?

Mdau wa Chikongola: Habari za jioni wakuu. Nina duka la dawa muhimu hapa Mtwara mjini. Kuna msambazaji ananing'ang'ania nichukue maboksi ya probayotiki (vijidudu hai vya kusaidia tumbo) kabla msimu wa korosho haujachanganya. Kopo linasema bakteria hai bilioni 20 kwa kidonge, hifadhi chini ya nyuzi 25. Mzigo unakuja na basi kutoka Dar, kwenye buti, na dukani kwangu mwezi Novemba nategemea feni. Kanitumia cheti cha maabara WhatsApp. Nikitazame nini? Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Maabara: Mkuu, anza na namba ya bechi. Isipofanana na ya kwenye kopo, hicho ni cheti cha mzigo mwingine.

Kuhesabu kwenyewe kunakwenda hivi: unga wa kidonge unakorogwa kwenye maji maalumu, unazimuliwa mara kumi, tena kumi, na kuendelea, kisha kiasi kidogo kinapandwa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu. Kwa laktobasili, bakteria wa jamii ya maziwa mgando, mara nyingi ni agari iitwayo MRS, nyuzi 37, bila oksijeni, siku mbili hadi tatu. Aliye hai anaota koloni, yaani kidoa kinachoonekana kwa macho, mfu haoti. Wengi wanahesabu visahani vyenye koloni 30 hadi 300, halafu wanazidisha kwa kiasi walichozimua. Ndiyo hiyo CFU, idadi ya walio hai wanaoweza kuota koloni.

Watu wanapopigwa ni hapa: bilioni 20 za lini? Miongozo ya FAO na WHO ya 2002 inataka lebo itaje bakteria mpaka straini yake (aina mahususi ndani ya spishi), na idadi ya walio hai mwisho wa muda wa matumizi. Wengi wanaandika ya siku ya kutengenezwa. Joto na unyevu wa huku pwani vinawamaliza taratibu, kopo halibadiliki sura.

BintiMikindani: Mbona mnazunguka, si umwage kidonge kwenye maziwa ya uvuguvugu? Yakiganda wako hai 😄

Kipanga wa Maabara: Dada, hata kijiko kichafu kinagandisha maziwa. Na kidonge kikiwa cha Saccharomyces boulardii, ile ni jamii ya hamira, haili sukari ya maziwa. Utatupa kitu kizima.

Mzee wa Ligula: Kijana, uhai usikusahaulishe usafi. Cheti kioneshe pia E. coli, Salmonella na ukungu. Na usajili uulizie: vyakula vilihamia TBS (Shirika la Viwango) 2019, dawa ziko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), wote wana ofisi za kanda hapo hapo Mtwara. Huna friji? Bora jamii ya Bacillus zenye mbegu ngumu, kama Bacillus clausii. Hizo zinavumilia joto. Maabara huzipasha nyuzi 80 kwanza, zibaki mbegu tu, ndipo wazipande.

Mdau wa Chikongola: Shikamoo mzee. Nimekifungua cheti vizuri. Kimeandika "Lactobacillus" basi, bechi hakuna. Tarehe ya majibu ni ileile ya kutengenezwa.

Kipanga wa Maabara: Yaani zimetengenezwa, zimepandwa na koloni zimeota siku hiyohiyo? 😂 Mwombe cha bechi yako, chenye jina la maabara iliyopima.

Mdau wa Chikongola: Nimemwandikia. Tiki za bluu tangu mchana.