MJADALA: Serikali imlipe mwenye shamba asilime? Alipwe, ila nani hasa?

Wadau wa Kusini, juzi kijiweni hapa Ruangwa kaka mmoja alisema serikali iwalipe wenye mashamba ya miteremkoni wayaache yaote nyasi, mbona Marekani wanafanya toka 1985. Hoja nzuri, ila ina shimo.

Kule mwenye ardhi anasaini mkataba wa miaka 10 hadi 15, anaacha kulima kipande kinachomomonyoka, anapanda nyasi au miti, na kila mwaka serikali inamlipa kama vile imemkodi. Udongo unatulia kweli, hilo sibishi. Lakini hukohuko watu wanalalamika, hela inafuata ekari kwahiyo mwenye nyingi ndo anavuna nyingi, na aliyekuwa anakodi lile shamba anaambiwa ahame.

Sasa lileteni huku. Mama yangu mdogo analima ufuta heka tatu za kukodi upande wa Nachingwea, nilienda kumsaidia kufunga miganda, aisee kule chini mvua imechimba korongo linanifika magotini, kuna kisiki cha mninga kilichoungua mizizi imebaki inaning'inia. Shamba limechoka na mwenyewe anajua, ila msimu ujao atalima tena maana ada ya watoto inatoka hapohapo. Hela ya kupumzisha ikija itaandikwa jina la nani? Mwenye shamba yuko Dar. Atalipwa yeye, mama mdogo ataondolewa, ataenda mbele huko kufyeka pori bichi na kuchoma moto apate pa kulima, halafu tuseme tumehifadhi?

Na kangomba mnaijua. Mtu kashikika kabla ya msimu, anauza korosho ingali mtini kwa bei ya kutupa. Hela ya serikali ikichelewa hata miezi minne, wenye mitaji watainunua hukohuko vijijini kabla haijafika.

Mi naona ipitie kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kiwe na msitu wake na mapato yake, na Kilwa wameshaonyesha, Kikole na Kisangi misitu yao ya mpingo ilipata cheti cha kimataifa 2009. Basi mkutano mkuu wa kijiji ndo uamue mteremko upi upumzike, na anayeulima ahesabiwe hata kama hana karatasi, majina yabandikwe ukutani ofisi ya kijiji na kiasi cha kila mtu watu wasome. Na alipwe kuanzia Januari njaa inapobana, hapo ndo mtu anaamua afyeke au aache.

Najua mtasema viongozi wa vijiji nao watakula. Wapo watakaojaribu, ndo maana nataka ukuta uwe na majina. Huyo wa Dar akilipwa kimyakimya nani atamuuliza?

Wengine wanasema mkulima mdogo hafikiki kwa jina. Mbona salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, imegawiwa kwa daftari la wakulima? Kwahiyo inawezekana, kazi ni kuhakikisha anayeshika jembe kaandikwa humo. Wanaopinga naomba mnijibu hilo moja tu, mama mdogo akiliacha lile shamba msimu ujao, ale nini mpaka nyasi ziote?