Lifti gani kwa nyumba ya ghorofa mbili, Malindi?

BintiCasuarina: Jamani naomba ushauri, nyumba imeisha kujengwa huku Casuarina na mamangu magoti yamechoka, ngazi hawezi tena. Muuzaji mmoja asema lifti ya haidroliki, ile yasukumwa na mafuta, mwengine asema ya skrubu, ile yapanda kwa skrubu ndefu yazungushwa na mota. Nafasi ipo mita moja na nusu kwa karibu mbili, ila shimo la chini halijachimbwa.

FundiBaharini: Bila shimo chukua ya skrubu dada, yataka kishimo cha sentimita chache tu ama ramp kadogo (mteremko wa kuingilia) na haitaki chumba cha mashine. Haidroliki ni laini na yabeba uzito lakini ina pampu na mafuta ya kuangaliwa. Sasa muulize muuzaji stima ikipotea inakuwaje, maana stima yetu waijua wewe, haidroliki valvu ikifunguliwa yashuka yenyewe polepole, ya skrubu haishuki yenyewe kwa hivyo betri ya dharura ni LAZIMA.

Mkaa_Pwani: Mwasahau chumvi! Milango na vibonye viwe chuma cha stenlesi daraja la 316, ile 304 ya kawaida karibu na bahari yapata madoa ya kutu. Na mlango usipungue sentimita 80, leo mama atembea kesho huenda akahitaji kiti cha magurudumu.

BintiCasuarina: Ahsanteni sana. Sasa sevisi jamani, kuna fundi hapahapa Malindi ama tutamngoja wa Mombasa?

FundiBaharini: Wengi watoka Mombasa, andikisha kwenye mkataba afike ndani ya siku ngapi kabla hujalipa hata deposit.