Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda volkano visiwani (Karthala na kwingineko)

Mzee wa Hema:
Wakuu, salaam. Huku kwetu ukitaja kupanda mlima, watu wanafikiria Kilimanjaro au Meru. Mimi naomba leo twende visiwani. Naanza na yangu: Karthala, kisiwani Ngazidja huko Komoro, mita 2,361, na volkano yenyewe bado hai. Kutoka Dar ni safari fupi ya ndege. Wenzangu wote walionekana wafanyabiashara. Mwenye begi la hema nilikuwa peke yangu.

Tulianza alfajiri kutoka Mvouni, juu ya mji wa Moroni. Kijana aliyeniongoza alikuwa amenionya nibebe lita sita za maji. Nikabeba tatu. Nilijiambia mlima wenye msitu mnene namna hii haukosi kijito. Wakuu, hakuna! Mvua inanyesha, tena ya kutosha, ila mwamba wake una matundu kama sponji, maji yote yanazama. Ngazidja nzima haina mto wa kudumu. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nahesabu mafunda, na koo limekauka kama gunzi.

Yule kijana akanigawia ya kwake bila kusema neno. Kwa aibu nikampa pakiti ya biskuti, akajibu, "Marahaba." Nikamtumbulia macho: shikamoo sijampa, na umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Kumbe kwao ndiyo asante.

Tukalala karibu na ukingo, baridi ikanitoa kiburi chote cha Mbagala. Asubuhi tukashuka kwenye kaldera, lile shimo pana la kileleni. Kama unategemea kuona moto utasikitika: ni uwanja mkubwa wa kijivu na mweusi, na mvuke unafuka kwenye nyufa. Niliweka kiganja chini karibu na ufa mmoja, pana joto kama jiko lililoepuliwa sufuria sasa hivi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Haya, karibuni.

Mjukuu wa Mngazija:
Umenigusa na hayo maji. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko, mimi nimezaliwa Unguja. Maji ya kunywa wanakinga mvua mapaani na kuyaweka kwenye birika. Sasa 2005 mlima ukatema majivu, Aprili na tena Novemba, yakaingia mabirikani. Khaloo anasema ilikuwa ukisogea dirishani unasikia bati linalia kama mtu anapeta mchele, na mchana wanawasha taa.

Mimi nilipotaka kupanda, bibi akaja juu: "Unakwenda kwa nani huko?" Nikaenda. Nikafika juu ukungu mtupu, hata miguu yangu siioni vizuri. Niliporudi akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia, sikuona kitu. "Si nilikwambia huko hakuna mtu?" Mpaka leo ananitania.

Ukipata nafasi pita Singani, lava ya 1977 ilishuka mpaka kijijini.

Nahodha Mkavu:
Mimi wa Mombasa, nilienda kisiwa cha Réunion kikazi nikaiba siku moja ya kupanda volkano yao, Piton de la Fournaise. Pale mambo yamepangwa: gari linakufikisha hadi Pas de Bellecombe, njia imewekwa alama za rangi nyeupe juu ya lava, na mlima ukianza dalili za kulipuka geti linafungwa. Lakini kuna mtego. Unaanza kwa kuteremka ngazi, kama mia tano hivi, ukijiona mwepesi. Hizo hizo ndizo utakazozipanda jioni ukiwa huna magoti.

Juu unachungulia kreta (shimo la volkano) ya Dolomieu, ambayo sakafu yake ilididimia mamia ya mita 2007. Nilijilaza kifudifudi kuangalia, kusimama sikuthubutu.

Dada Sele:
Viatu jamani? Raba za kawaida zinatosha?

Nahodha Mkavu:
Zangu zilitosha kwenda. Kurudi, soli ya kulia niliifunga na kamba ya begi. Lava kavu inakwaruza kama mbuzi ya nazi.

Mzee wa Hema:
Dada Sele, chukua buti zenye soli nene, na usizinunue wiki ya safari. Na kiongozi akisema lita sita, ni sita.

Dada Sele:
Marahaba.

Mzee wa Hema:
Haya, umeanza.