Kunduchi: tuombe ukuta wa bahari au tufanye nini?

Mwana wa Ngalawa
Ndugu zangu, masika yameingia, upepo umegeuka kuwa kusi, na maji ya bamvua ya juzi, yale yanayojaa kupita kiasi mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yameumega tena ukingo wa Kunduchi pale tunapopandishia ngalawa. Mnazi tuliokuwa tukiufungia kamba mwaka jana umelala, mizizi juu, na kutoka kwenye shina lake hadi vichanja vya dagaa nimehesabu hatua kumi na moja. Barabara ya Barack Obama kule mjini Dar es Salaam ilijengewa ukuta, na Pangani vilevile. Je, nasi tuombe ukuta?

Mkazi wa Mbezi
Ukuta hauzai mchanga. Ufuo wetu hulishwa na mito ya Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa, ambayo huteremsha mchanga mwingi wakati huu wa masika, lakini mchanga huo huchotwa na kupakiwa kwenye malori kabla haujafika baharini. Zuieni hilo kwanza. Tena, kila masika nikipita hapo huwakuta wanaume wakicheza bao chini ya mkungu. Miezi hiyo ya mapumziko ingetosha kupanda mikoko ufuo mzima.

Binti Kunduchi
Kaka yangu, neno "mapumziko" limenichoma. Leo asubuhi baba yangu mdogo alikuwa amepiga magoti chini ya mashua akiikalafati, anasokomeza pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu, ufa baada ya ufa, huku mvua ikimpiga mgongoni. Wenzake walikuwa wakishona nyavu ukumbini. Kusi ikichafua bahari, chombo kidogo hakitoki, na siku ambayo chombo hakitoki ndiyo siku ya kukitengeneza. Sisi wanawake maji yakitoka sana hushuka mwambani kutafuta pweza, tukirudi na vidole vilivyochanwa na mawe. Bao huchezwa mvua ikikataza yote hayo. Na mikoko haishiki kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi. Huota kwenye tope la hori, pale mkono wa bahari unapoingia bara, na hapo horini tunayo.

Mjukuu wa Mtongani
Mimi namjibu huyo huyo, kwa jambo jingine. Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa mchanga wa mto, ambao kaka yangu aliuchimba kwa sepetu na kuuza kwa lori. Tunatajwa kama wezi wa bahari, ilhali hakuna anayeuliza mchanga ule ulijenga nini. Ulijenga nyumba za huko huko Mbezi. Na kuna sheria inayokataza kujenga karibu na bahari, nadhani ni mita 30, lakini sijaona mchimba mchanga hata mmoja mwenye nyumba ya ufukweni.

Shangazi wa Msasani
Mwanangu, ni mita 60, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ila ugumu wake ni kwamba ukingo wenyewe unahama, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mbali na maji ilipojengwa inaweza kujikuta ndani ya mita hizo bila kusogea. Vijana wanaoshuka kituo cha Africana wajue kwamba jina hilo ni la hoteli iliyokuwa ufukweni, ikahamwa kwa sababu ya bahari. Hoteli nyingine zilijenga kuta fupi zinazoingia majini ili zinase mchanga, na zinaunasa kweli, lakini mawimbi ya kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kwa hiyo aliye kaskazini ya ukuta hukosa kile ambacho jirani yake amekizuia. Wavuvi wakiomba ukuta, waulize kwanza nani atakosa mchanga baada yao.

Mpangani
Kwa kuwa Pangani imetajwa: sisi tulikuwa na kisiwa cha Maziwe, kikatangazwa hifadhi mwaka 1975, kikiwa na mivinje na kasa wanaotaga. Kabla miaka ya 80 haijaanza, bahari ilikuwa imekifunika. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Tangazo la hifadhi halikukizuia kuzama, kwa hiyo msingoje karatasi.

Mkazi wa Mbezi
Sikusema kwamba watu wa Kunduchi ni wavivu, na sipendi kuwekewa maneno mdomoni. Nimeishi hapa miaka ishirini na ufuo huu ninaupenda kama ninyi.

Binti Kunduchi
Basi utuambie, kaka: kutoka ukuta wa nyumba yako hadi maji ya bamvua yanapofika ni mita ngapi?

Mkazi wa Mbezi
Sijapima. Nilipohamia palikuwa na bustani na minazi mitatu mbele ya uzio. Sasa hakuna bustani.

Mjukuu wa Mtongani
Hapo ndipo tulipotakiwa kuanzia, badala ya sepetu ya kaka yangu.

Mwana wa Ngalawa
Niliuliza habari ya ukuta, na bado sijapata jibu, lakini swali la dada ni zuri kuliko langu. Jumamosi mwezi utakuwa na siku mbili, na maji yatajaa karibu na saa kumi na moja jioni. Nitakuwa penye mnazi ulioanguka na futi ya fundi. Kaka wa Mbezi, njoo tupime kwetu, kisha twende kwako kabla maji hayajaanza kutoka.