Mrejesho: stika ya kijani ya kuingilia Köln

Wakuu, niliwauliza nitapataje stika ya moshi (ya kuonyesha gari halichafui hewa sana, bila hiyo huruhusiwi kuingia eneo la mji lenye masharti ya hewa safi) kabla ya kutoka Uholanzi kwenda Köln, Ujerumani, gari likiwa ndiyo kwanza nimelinunua. Asanteni mno. Kuagiza mtandaoni kulikwama: siku ya safari bahasha haijafika, na hela yangu bado naidai. Kilichonisaidia ni ushauri wa kupitia kituo cha TÜV, shirika la Ujerumani la ukaguzi wa magari, baada ya mpaka, kabla ya kuingia mjini. Waliangalia kadi ya gari tu, la petroli la Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa gari), wakaandika namba ya gari kwenye stika ya kijani yenye tarakimu 4. Inabandikwa ndani ya kioo cha mbele, chini kulia. Ukibadilisha namba, unahitaji nyingine. Msiikwepe jamani, faini ni euro 100.